Fulana Moja, Vifua Viwili

Sekela Mwaisaka aliipekua nyumba ya mama yake kama polisi. Alitazama chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango walikotundika makoti ya mvua, hata ndani ya pipa la unga. Fulana ya tiba haikuwepo. Mama yake, ambaye ndiye aliyepaswa kuwa ameivaa tangu asubuhi, alisimama mlangoni na jembe mkononi na matope hadi magotini, akimtazama binti yake anavyohangaika.

"Mama, fulana iko wapi?"

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Fulana, mama."

"Nimemwazima Mama Ambakisye." Alianza kukwangua tope kwenye jembe kwa kijiti. "Ataileta jioni. Huwa anachelewa kidogo, lakini analeta."

Sekela alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Asubuhi ile gari linalojiendesha lilikuwa limempandisha milima ya Rungwe kutoka Mbeya, ukungu umeziba vioo, na njia nzima alikuwa akijiuliza amekosea wapi. Uvimbe kwenye titi la mama yake ulikuwa umegoma. Haukukua, lakini haukupungua. Wanawake wengine wenye uvimbe wa aina ileile walioanza tiba pamoja naye nao walikuwa wakienda kwa kusuasua, lakini angalau walikuwa wakienda. Kwa mama yake, hakuna. Alikuwa ameirekebisha fulana ile kutoka maabara hadi akachoka: akapandisha kasi ya mawimbi, akaishusha, akabadilisha vipindi vya mapumziko, akaanza upya. Wiki iliyopita alisimama mbele ya wenzake akakiri kwamba huenda uvimbe wa aina ile hausikii mawimbi. Dakta Mfinanga, mkuu wa kitengo, alishaanza kuzungumzia kuwaondoa wagonjwa wote wa kundi hilo kwenye tiba, fulana zao wapewe wengine.

Kundi zima, kwa sababu ya kifua cha mama yake.

"Umesema huwa anachelewa," Sekela alisema polepole. "Kwa hiyo si leo tu."

"Si leo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kulalamika maumivu."

"Tangu lini, mama?"

"Na wewe maswali yako. Ulipoileta, nikakaa nayo kidogo, ndipo nikamsikia analia kule kwake. Akawa anaichukua mchana. Mimi naivaa usiku." Alikwangua tope tena. "Ila usiku inanibana ninapogeuka. Kwa hiyo naiweka hapa karibu."

"Karibu wapi?"

"Pembeni ya mto."

Sekela alifunika uso kwa viganja. Miezi yote ile alikuwa akitibu mto.

"Nilikwambia ni ya kwako peke yako," alisema kutoka nyuma ya viganja. "Nilikwambia hapahapa. Nilikwambia usivue, usiazime, usifue kwa sabuni ya unga."

"Sijaifua."

"Mama."

"Kila anayeniletea kitu ananiambia ni changu peke yangu. Shangazi yako alileta blanketi akasema hivyohivyo. Ningewafuata nyote, watu wangekufa na baridi humu ndani." Aliegemeza jembe ukutani. "Mbona hujasema umekula au hujala?"

*

Mama Ambakisye alikaa upande wa pili wa uzio, kwenye nyumba ya bati la bluu iliyotazamana na mashamba ya chai ambako mashine za kuchumia zilikuwa zikitambaa mstari kwa mstari kwenye mvua. Alikuwa mjane, mrefu, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, na mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Walimkuta sebuleni anachambua maharage, fulana ameivaa na sketi yake ya kila siku, kanga ameitupia mabegani. Chumba kizima kilinukia mafuta ya mgando.

"Jeli ya fulana iliisha," Mama Ambakisye alieleza baada ya salamu, alipomwona Sekela ananusa. "Mama yako akasema nipake mafuta, ni yaleyale."

Sekela alimtazama mama yake. Mama yake alitazama maharage.

"Tena umekuja vizuri, mwanangu," Mama Ambakisye aliendelea. "Nilitaka nikushukuru mwenyewe. Maumivu yameniacha kabisa. Mkono huu nilikuwa siwezi kuuinua kufunga kilemba, sasa tazama." Aliuinua. "Hospitali ya wilaya waliniambia na mimi nitapata yangu, nisubiri foleni. Foleni gani hiyo. Bila huyu mama yako Atuganile ningekuwa nimeshakufa."

"Umeona?" mama yake Sekela alisema. Uso ulikuwa umemng'aa.

"Naomba nikupime," Sekela alisema.

Alitoa mkobani kipimo chake, kidogo kama kipande cha sabuni, akapaka jeli ya kweli, akakipenyeza chini ya fulana, akakipitisha taratibu kwenye titi la Mama Ambakisye, kisha chini ya kwapa. Kipimo kilikuwa cha ultrasaundi, kama kile cha kumwangalizia mtoto tumboni, ila hiki kiliweza pia kusema nyama ni ngumu kiasi gani na damu inapita wapi. Akakirudisha mwanzo, akapima tena, kwa sababu hakupenda alichokiona. Akaomba kuona picha waliyompa hospitali ya wilaya alipopimwa mara ya kwanza. Mama Ambakisye aliitafuta kwenye simu, akampa.

Uvimbe ulikuwa umekua zaidi ya maradufu. Mishipa mipya ya damu ilikuwa imeuzunguka kama mizizi inavyozunguka jiwe, na kwapani palikuwa na mwenzake mdogo ambaye kwenye picha ya zamani hakuwepo.

Wanawake wale wawili walikuwa wakimsubiri. Mama yake alikuwa bado anatabasamu. Sekela alihisi hasira inampanda, si kwa Mama Ambakisye, na wala hakuwa na uhakika kama ni kwa mama yake. Ni hasira ya mtu aliyefunga mlango vizuri akarudi akakuta ukuta wa nyuma umebomolewa. Angeweza kusema "tutaangalia" na kuondoka na fulana. Madaktari wengi wangesema hivyo. Lakini mwanamke huyu angeendelea kushukuru, na kesho angekuja kuiazima tena.

"Mama Ambakisye," alisema, "mwaka ule ulipovunjika kifundo cha mkono, hospitali walikutibu kwa kitu gani?"

"Plasta. Na kile kidude cha kuweka juu, wakasema ni sauti inayounganisha mfupa."

"Ndiyo. Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yakiwa hafifu hayaunguzi wala hayakati, yanatikisa tu. Seli za mfupa zikitikiswa hivyo zinaamka, zinajenga haraka. Hii fulana ni sauti ya namna hiyohiyo." Alishika kingo za fulana, akagusa visahani vidogo vilivyoshonewa ndani. "Seli ya saratani ni laini, na imesahau kujishikilia. Ukiitikisa kwa kasi inayolingana na ulaini wake, ngozi yake inafunguka vilango, chumvichumvi za nje zinamiminika ndani, yenyewe inajiua. Seli yenye afya iliyo jirani inatikisika tu na kutulia. Lakini lazima kasi ilingane. Mimi nilichukua seli za mama nikazipima, nikaiweka fulana kwa kasi yake. Yeye, si mwingine."

"Na mimi?"

"Wewe seli zako si laini kama zake. Kwa kasi hii hazifi. Zinatikiswa tu." Aliachia kingo za fulana. "Zinaamka. Kama zile za mfupa."

Mama Ambakisye aliusukuma ungo wa maharage pembeni. Alitazama mkono wake, ule aliouinua muda mfupi uliopita.

"Lakini maumivu yameisha," mama yake Sekela alisema.

"Sauti inatuliza mishipa ya fahamu, mama. Maumivu yanaisha. Uvimbe unakua."

Mvua ilizidi juu ya bati. Kisha Mama Ambakisye alifungua vifungo vya fulana mwenyewe, kimoja kimoja, akaivua, akaikunja vizuri kama anavyokunja joho la kwaya, akampa Sekela. Mama yake Sekela alikuwa amenyoosha mikono kuipokea, lakini yeye hakumtazama.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiulisha," alisema. "Atuganile ananiletea, mimi naulisha." Akarudi kwenye kiti chake, akavuta ungo wa maharage. "Nendeni."

*

Walirudi bila kuzungumza. Ndani, mama yake aliosha miguu, akabadilisha nguo, akapika chai ambayo hakuna aliyeinywa. Sekela alikuwa akiifuta fulana mafuta kwa kitambaa, kisahani kwa kisahani, akisubiri aombwe msamaha. Hakuombwa.

"Ipime kwa ajili yake," mama yake alisema.

"Nini?"

"Hiyo. Umesema inawekwa kwa kasi ya mtu. Iweke kwa kasi yake."

"Halafu wewe?"

"Iweke ya wote wawili. Simu yako ina namba za watu wangapi? Hiyo fulana nayo inashindwa kukumbuka wawili?"

"Inaweza kukumbuka wawili," Sekela alisema, akijitahidi sauti isipande. "Tatizo ni saa, mama. Seli hazifi kwa kutikiswa mara moja. Zinataka zitikiswe karibu kutwa kucha, kwa muda mrefu. Ukizipumzisha sana zinajitengeneza. Mkigawana, huenda uvimbe wako ukasimama tu, na wake ukasimama tu, na siku moja wa mmoja wenu ukaacha kusimama. Ukiivaa mwenyewe, vizuri, kama nilivyokuomba mwanzo, una nafasi kubwa ya kupona. Kupona kabisa. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Mimi si mtoto."

"Basi."

"Basi nini? Mimi ndiye niliyempelekea. Hakuniomba, nilimpelekea mwenyewe, nikamwambia apake mafuta. Sasa nikae hapa nimeivaa, nimwangalie kupitia kwenye uzio?"

"Hata humpendi. Kila nikija nasikia habari zake, anaimba vibaya, anajifanya kanisa ni lake."

"Simpendi. Anaimba vibaya kweli." Mama yake alisukuma kikombe pembeni. "Hilo linahusiana nini na hili?"

Swali hilo lilimuudhi Sekela zaidi ya yote. Alichukua simu, akafungua mipangilio ya fulana. Kulikuwa na kufuli ambalo watengenezaji walikuwa wameliweka na yeye hakuwahi kulitumia, kwa sababu lilisumbua wazee wenye mapigo hafifu: fulana ilijifunza mapigo ya moyo wa mwenyewe, na kwenye kifua kingine ilikataa kuwaka. Alimvalisha mama yake fulana karibu kwa nguvu, akasubiri imsikilize, akalifunga.

"Kuanzia sasa inakujua wewe tu. Hata ukimwazima haitafanya kazi."

Mama yake aliivua. Alitafuta msumari ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, akaitundika.

"Haya," alisema. "Na sasa hivi haiwaki kwa yeyote."

Sekela alitoka bila kuaga. Alifika hadi barabarani, gari likamfungulia mlango, akasimama hapo kwenye manyunyu akiwa amekasirika hata machozi yalikataa kutoka. Mkobani alikuwa na sindano nyembamba aliyokuja nayo kuchukulia seli mpya za mama yake. Aliliambia gari lisubiri, akarudi, ila si kwa mama yake. Akabisha hodi kwenye nyumba ya bati la bluu.

"Sikupi ahadi yoyote," alimwambia Mama Ambakisye. "Nataka tu kujua."

Mama Ambakisye aliitazama sindano, kisha akafungua kifungo cha blauzi.

*

Siku zilizofuata fulana ilituma maabara joto la ukuta, kama ilivyokuwa ikituma la jirani mchana na la mto uliolaliwa usiku. Sekela aliliona kila alipofungua skrini: baridi asubuhi, vuguvugu mchana jua la Tukuyu likibahatika kutokea, baridi tena. Alipiga simu.

"Naiona hapo," mama yake alisema. "Haijaniomba niivae."

Alipiga tena kesho yake, akabembeleza. Akapiga akatisha. Akampigia shangazi ili ampigie mama yake, na shangazi akampigia, wakaishia kuzungumza habari za blanketi. Mama yake alikuwa amemshinda kwa kutofanya chochote kabisa.

Seli za Mama Ambakisye, kwa upande wao, hazikumpa shida. Alizitandaza kwenye sahani ya kioo, akaweka sahani juu ya kisambaza mawimbi, akaanza kupandisha kasi kidogo kidogo. Kwenye skrini zilionekana kama matone ya umande yanayotetemeka. Kasi ya mama yake ilipofika, zilichangamka, zikajinyoosha, na Sekela alilazimika kutazama pembeni. Aliendelea. Juu zaidi, mahali ambapo seli za mama yake zingekuwa zimelala tu, moja ilianza kuvimba. Ikajikunyata. Ikavunjika vipande vipande. Kisha nyingine jirani yake, kisha nyingi kwa pamoja. Alikuwa ameipata.

Ijumaa alimweleza Dakta Mfinanga kila kitu. Dakta alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, na simulizi ilipofika sehemu ya mto alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mawimbi yanafanya kazi," alisema. "Ni mama yako tu."

"Ni mama yangu tu. Usiwaondoe wale wengine. Ukimtoa yeye kwenye hesabu, kundi lao linaenda taratibu lakini linaenda."

"Sitawaondoa. Hilo umeliokoa." Alivua miwani. "Sasa niambie unalotaka kuniomba."

"Fulana kwa Mama Ambakisye. Sisi ndio tuliomzidishia ugonjwa."

"Fuwele za visahani zinakuzwa, Sekela, hazichongwi. Unajua zinavyochukua muda. Naweza kumsogeza mbele kidogo kwenye foleni, nitafanya hivyo leo. Hata hivyo hawezi kuipata kabla masika hayajaisha."

"Hawezi kusubiri mpaka masika yaishe."

"Pengine hawezi."

"Fulana ya mama inaweza kushika kasi mbili."

Dakta alikuwa amejua kwamba atalisikia hilo. Alisafisha miwani kwa pindo la koti.

"Ukiigawa," alisema, "huna mmoja aliyepona na mmoja anayesubiri. Una wawili wanaosubiri. Nimeshaona hesabu hiyo kwingine, kwa dawa nyingine, na kila mara aliyeigawa alikuwa mtu mwema."

"Mama haivai kabisa, Dakta. Iko msumarini."

"Basi ana kichwa kigumu, na wewe unataka kumpa anachotaka kwa sababu ya kichwa kigumu. Kama mpimaji wangu nakukataza. Kama mtoto wake, sina la kukwambia." Alivaa miwani. "Jumatatu faili la mama yako nampa mtu mwingine. Ilipaswa iwe hivyo tangu mwanzo. Leo Ijumaa."

Sekela alitoka bila kujua kama neno lile la mwisho lilikuwa onyo au ruhusa. Njia nzima ya korido alikuwa akibishana nalo. Kama angegawa saa, huenda angekuwa anampunguzia mama yake maisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa kitu alichokijua vizuri kuliko mtu yeyote pale Mbeya. Kama asingegawa, fulana ingeendelea kupima joto la ukuta. Alichokuwa hawezi kusamehe ni kwamba mama yake ndiye aliyempanga hapo katikati, na pengine hata hakujua amempanga.

*

Jumamosi aliwakalisha wote wawili sebuleni kwa mama yake. Mama Ambakisye alikuwa amekubali kuja, lakini alichagua kiti cha mbali, na tangu siku ile alikuwa hajasema na jirani yake neno hata moja. Jumapili iliyopita kanisani alikuwa amempita kama unavyopitwa mlingoti.

Sekela aliweka fulana mezani na kueleza bila kupamba. Alikuwa ameipata kasi ya Mama Ambakisye. Fulana ingeweza kuijua mioyo miwili na kujibadilisha yenyewe. Mmoja angeivaa tangu asubuhi hadi jua kuzama, mwingine kuanzia hapo hadi asubuhi. Kila mmoja angepata pungufu ya anachohitaji.

"Nataka kila mmoja aniambie mwenyewe," alimaliza. "Sitaki mtu amjibie mwenzake."

"Mimi ndiyo," mama yake alisema kabla hajamaliza vizuri.

Mama Ambakisye hakuharakisha. "Nikikataa?"

"Mama anaivaa peke yake, huenda akapona. Wewe unasubiri ya kwako. Uvimbe wako kwa sasa unakwenda haraka. Siwezi kukwambia utasubiri salama."

"Nikikubali?"

"Huenda wako ukasimama mpaka ya kwako ije. Huenda wa mama usipone. Au muda usitoshe kwenu wote."

"Na nikikataa, huyu ataivaa?"

Sekela aligeuka. Mama yake alikuwa akitazama dirishani, kwenye migomba iliyokuwa ikichuruzika maji, kama mtu ambaye mazungumzo hayamhusu.

"Hataivaa," Mama Ambakisye alijijibu. "Atakaa nayo hapo ukutani mpaka afe, halafu kwenye mazishi watu waseme alikuwa mtu wa huruma, na mimi nimekaa pale mbele naongoza nyimbo zake." Alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimgeukia jirani yake. "Umeniharibia, Atuganile. Nataka ujue kwamba sijakusamehe."

"Najua," mama yake Sekela alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa unisikilize. Nitaivaa. Lakini usiku ni wako, na usiku utaivaa usiku wote. Si pembeni ya mto. Nitahamia hapa kwenye chumba cha Sekela, nitakuwa naamka kukukagua. Nikikuta umeivua nitakuvalisha mwenyewe."

"Uhamie hapa?"

"Nihamie hapa."

Sekela alisubiri mama yake akatae. Alikuwa amemkatalia daktari, shangazi, mchungaji, na binti yake aliyesomea mambo haya nusu ya maisha. Mama yake alifungua mdomo, akautazama mkono ule wa Mama Ambakisye uliokuwa umelala mapajani bila kuinuliwa, akaufunga mdomo.

"Godoro la chumba kile ni gumu," alisema hatimaye.

Sekela alifungua simu. Kufuli lilimwuliza kama ana uhakika anataka kuongeza moyo wa pili. Bado alikuwa na hasira, na kitu kingine alichokataa kukiita jina. Akabonyeza.

*

Jumatatu mpimaji mpya aliona alichofanya. Sekela aliitwa, akakemewa mbele ya wenzake, akaondolewa kwenye kazi ya kupima seli na kupelekwa chumba cha kujaza jeli kwenye pakiti. Dakta Mfinanga hakuagiza fulana irudishwe. Hakueleza kwa nini, na Sekela hakuuliza, kwa kuogopa akiuliza ataamua vingine.

Masika yalikuwa yanaelekea mwisho aliporuhusiwa kwenda kumpima mama yake, kama mtoto wake tu, na kipimo cha kuazima. Alimpima kimya kimya. Uvimbe ulikuwa umepungua. Si sana. Wanawake wa kundi lile waliokuwa wameanza naye, watatu kati yao, walikuwa wameshaambiwa wako safi na fulana zao zimepewa wengine. Wa mama yake ulikuwa bado pale, mdogo, mgumu, kama mtu aliyekaa kwenye ngazi ya mlango akikataa kuondoka.

"Vipi?" mama yake aliuliza.

"Umepungua kidogo."

"Na wa Mama Ambakisye?"

"Nimempima kwanza yeye. Umesimama. Ule wa kwapani pia. Fulana yake itakuja mwezi ujao."

"Basi vizuri." Mama yake alijifunika kanga.

Sekela alifuta jeli kwenye kipimo. Kulikuwa na neno alilokuwa ameapa hatalisema. Alikuwa amelimeza kwenye simu, kwenye chumba cha jeli, kwenye gari likipanda mlima.

"Wewe ungekuwa umepona sasa," alisema. "Ungevaa tu. Ungekuwa umeshapona, mama."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulinieleza. Nilikwambia nakuelewa." Mama yake alimshika mkono, akaubana, akauachia. "Kula kwanza, ndipo uendelee kunikasirikia."

Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mashamba ya chai. Mlango wa chumba kilichokuwa cha Sekela ulifunguka, Mama Ambakisye akatoka akiwa ameishika fulana, bado ina joto la mwili wake. Hakumsalimia mtu.

"Atuganile. Saa yako."

Mama yake Sekela alisimama bila ubishi na kuinua mikono yote miwili. Mama Ambakisye alimpaka jeli, akamvalisha, akaanza kufunga vifungo kuanzia chini, kimoja baada ya kingine, akivikaza zaidi ya ilivyohitajika.